Nani Aliusimamisha Ukumbi wa Bi Mgeni?

Haya, sogeeni. Mwenye simu aizime, mwenye karanga azimalize kabisa, sitaki mtu anitafunie masikioni. Leo sina hadithi ya sungura. Nina watu watatu na ufunguo mmoja, na nikifika mwisho mtanijibu ninyi, kwa sababu mimi imenishinda. Nimeisimulia pengi, na kila nilipoisimulia watu wamegombana. Gombaneni tu, lakini kwa mdomo. Ya mikono mtayasikia humu ndani na yatawatosha.

Huko njia ya kwendea Tanga palikuwa na mji wa mkonge ulioitwa Kwashangala, na katika mji huo walikuwepo watu watatu wenye vipaji.

Wa kwanza aliitwa Mhina, na kipaji chake kilikuwa mwili. Alikuwa akiruka kutoka juu ya bati la stesheni, anatua kwa miguu, anajikung'uta vumbi, anaomba maji ya kunywa. Ukimpiga teke anacheka. Aliwahi kugongwa na toroli la mkonge, lile linalotembea kwenye reli, toroli likaanguka na yeye akabaki amesimama. Mnacheka? Wapo walioliinua hilo toroli.

Wa pili alikuwa mdogo wake wa kike, Mwamvua, na kipaji chake kilikuwa jicho, pamoja na mkono usiotetemeka. Kazi yake ilikuwa kupiga video za harusi, na harusi zilikuwa zimemchosha. Wenye harusi walitaka awapigie sinia za pilau na makabati ya zawadi. Yeye alikuwa anaona mengine: mama wa bwana harusi anafuta machozi ya hasira, mpishi anaficha paja la kuku chini ya khanga. Akishaweka kamera begani, dunia yote inahamia kwenye kile kidirisha kidogo, na hata ukimwita hasikii.

Wa tatu aliitwa Singano, na kipaji chake kilikuwa mdomo. Mnazijua zile muvi za nje kwenye vibanda vya video, wenyewe wanasema lugha yao, na pembeni amesimama mtu na maiki anazigeuza zote kwa Kiswahili? Basi huyo mtu ndiye Singano. Alikuwa na sauti ya mzee, ya mtoto, ya mwanamke mwenye wivu, ya jambazi, na ya mbwa wa jambazi. Watu waliacha kibanda chenye runinga kubwa ya ukutani wakaenda kubanana mbele ya TV ya kichogo, mradi Singano yupo.

Hawa watatu, na muongozaji wao Semboja aliyewahi kufundisha fizikia, walitengeneza muvi. Iliitwa Jua Limeibwa. Viumbe wa chuma wanakuja kutoka nyota ya mbali, wanaliiba jua, wanalifungia kwenye sanduku, na binadamu wanabaki gizani. Mhina ndiye steringi, shujaa wa muvi. Wakaionesha katika ukumbi wa Bi Mgeni, sinema ya zamani yenye viti vya mbao vya kukunja, aliyoachiwa na marehemu mumewe.

Mwe! Aibu iliyowapata hao watu!

Viumbe wa chuma walikuwa vijana waliovaa maboksi ya jokofu yaliyopakwa rangi ya fedha, na chini ya maboksi zilionekana kandambili. Marungu yao yalikuwa sponji, yakimgusa mtu yanapinda. Katikati ya vita kuu, kiumbe mmoja alisimama akaipungia kamera mkono. Ukumbini mtu akapaza sauti, "Ee bwana wa nyota ya mbali, kandambili umenunua wapi?" Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Mhina alikaa wiki nyingi bila kutia mguu sokoni, maana kila akipita anaitwa Steringi Sponji, na yule mtu ambaye teke halimuumi, jina hilo lilimuuma mpaka akakonda.

Bi Mgeni akawaita wote nyumbani kwake.

"Shikamoo, Bi Mgeni."

"Marahaba, wanangu. Kaeni. Mmenitia aibu."

"Tunajua, Bibi," alisema Singano.

"Nyamaza, sijamaliza. Nimezeeka, mtoto sina. Mpwa wangu anautaka ukumbi aufanye stoo ya saruji. Mimi sitaki saruji ikae pale alipokaa mume wangu. Sasa tengenezeni sehemu ya pili. Ikiwafanya watu wa mji huu wasimame, nasema wasimame wima, basi ukumbi nitampa yule aliyewasimamisha. Mmoja. Siwapi watatu, nyumba ya watu watatu huishia mahakamani. Na nikishindwa kumjua ni nani, basi nachukua saruji."

Mwamvua alitoka pale miguu haigusi chini. Akiwa na ukumbi wake, asingepiga tena sinia ya pilau maisha yake yote. Angeonesha anachokiona yeye, kwa ukubwa wa ukuta mzima. Alipofika nyumbani alimwambia kaka yake waziwazi, "Kaka, ule ukumbi nautaka."

"Na mimi nautaka," alisema Mhina. "Tutaona."

Wakacheka, wakala ugali wao.

Sehemu ya pili ilikuwa hivi. Jua lote limeibwa isipokuwa kipande kimoja, na kipande hicho kimo kifuani mwa Mhina. Semboja alimfungia balbu kifuani, na balbu iliwaka kweli. Viumbe wanakuja kukichukua. Jeshi la mwisho la binadamu linamlinda. Mahali pa vita ni korona, kile kiwanda cha kuchakatia mkonge, kilichofungwa miaka mingi, kimejaa mitambo yenye kutu na bati lililotoboka. Jua la mchana linaingia kwa yale matundu kama limemwagwa kwa chekeche. Mwamvua alipoliona alisema hapa ndipo.

Kila mmoja kati ya wale watatu alileta la kwake ili muvi isichekwe tena.

Mhina alileta mipini ya majembe. "Sponji sitaki kuiona," alisema. "Tutapigana na miti. Kila mtu atajua pa kupiga na pa kukosea. Mimi mwili wangu mnaujua."

Singano alileta watu. Viumbe wa chuma aliwachukua kwa wakata mkonge wa kambini, wenye mikono iliyokomaa kwa panga, akawavika vyuma chakavu badala ya maboksi. Jeshi la binadamu aliwachukua kwa wapiga debe wa stendi. Na msifikiri aliokota tu. Makundi hayo mawili yalikuwa hayasalimiani tangu fainali ya kombe la mbuzi, iliyoamuliwa kwa penalti, ikaisha kwa mawe. Singano alisema, "Waweke hao pamoja, nyuso zenyewe zitaigiza." Kitu alichokisahau, au alichojifanya kukisahau, ni kwamba refa wa mechi ile, aliyepuliza ile penalti dhidi ya wakata mkonge, alikuwa Mhina.

Na Mwamvua alileta sharti. Kwenye sehemu ya kwanza watu walisimama ovyo na kuipungia kamera, sasa akataka lisirudiwe. Semboja akalitangaza: "Mnaiona taa nyekundu mbele ya kamera? Ikiwaka, hakuna kusimama. Usimame kwa kuchoka, usimame kwa kuumia, pilau huli. Watazamaji nao hakuna kuingia. Tunasimama nikisema 'Kata!' Nisiposema mimi, atasema Mwamvua. Mwingine yeyote akisema, ni kelele tu."

Sufuria la pilau lilikuwa linafuka pale nje. Kila mtu aliitikia ndiyo.

"Haya, twende!" alisema Semboja, na taa ikawaka.

Mwanzoni ilikwenda vizuri. Viumbe waliingia kwa mlango mkubwa, vyuma vinagongana, na wapiga debe wakajipanga mbele ya Mhina. Mipini iligusana kwa adabu. Kwa adabu mno, kwa kweli. Mwamvua kwenye kidirisha aliona watu wazima wanaogopana, akasonya. Singano naye aliona. Alikuwa amepanda juu ya mtambo mmoja na kipaza sauti mkononi, kazi yake kuwachemsha watu, na watu walikuwa hawachemki. Basi akaleta lililokuja mdomoni, kwa sauti ya jambazi:

"Enyi viumbe! Mmesahau? Yule mwenye taa kifuani ndiye aliyewanyang'anya mbuzi wenu! Yule pale! Pigeni penalti yenu leo!"

Lo, salale. Mdomo huo!

Wakata mkonge wakageuza macho kwa Mhina. Halafu jitu lililoitwa Kasinde, kinara wa wakata mkonge, likapiga ukelele ambao haukuwa wa kuigiza, likainua mpini likampasua mpiga debe wa mbele yake kichwa. Damu ikaruka. Mpiga debe mwenzake akajibu kwa kumtia Kasinde mpini wa mbavu, ukasikika ukivunja kitu. Baada ya hapo hakukuwa na wa kumwambia mwenzake apunguze. Walipigana kwa mipini, mipini ilipovunjika wakapigana kwa vipande, na kwa vyuma walivyovuliwa kifuani, na kwa meno. Mpiga debe mmoja alishikwa akabamizwa uso kwenye gurudumu la mtambo mpaka meno yakabaki pale. Mkata mkonge mmoja alikanyagwa mkono na watu walioruka juu ya mkono huo wakijua ni mkono. Semboja alikimbilia katikati, amefungua kinywa kusema neno lake, na kabla halijatoka jiwe likamkuta kwenye taya. Taya likaenda upande. Akaanguka chini na "kata" yake mdomoni.

Wapiga debe walipoona wenzao wanalala bila kuamka, walikimbia. Walitoka kwa madirisha wakamwacha Mhina peke yake, mgongo kwenye mtambo, balbu inawaka kifuani.

Watazamaji nje ya mlango walikuwa wanapiga makofi. "Steringi hafi!" walisema. "Muacheni, steringi hafi!"

Sasa nendeni mkasimame pale aliposimama Mwamvua.

Damu yao ya kuigizia ilikuwa juisi ya rozela iliyokorogwa na unga wa muhogo. Mwamvua aliikoroga mwenyewe asubuhi ile. Alijua rangi yake, alijua inavyoganda. Mpini wa kwanza ulipomshukia Mhina juu ya sikio, kilichotiririka hakikuwa rozela. Aliona palepale. Hakuna mtu aliyeona mapema kumzidi, maana yeye peke yake alikuwa na uso wa kaka yake umejaa kidirisha chote.

Akafungua kinywa. Neno lilikuwa fupi, wote wangelisikia.

Lakini mwanga ulikuwa unamwagika kutoka kwenye bati ukipenya ndani ya ile balbu, na vumbi lilikuwa linapanda, na Mhina alikuwa anapigwa na hakuwa anaanguka. Mwamvua alikuwa hajawahi kuona kitu kama kile, wala asingekiona tena. Moyo wake uliruka kwa furaha. Ndiyo, kwa furaha, na aibu ya furaha hiyo ilimfuata baadaye miaka na miaka. Alijiambia, kidogo tu. Huyu naye ampige, halafu niseme. Akampiga. Kaka ageuke huku, nimpate uso, halafu niseme. Akageuka.

Walimvunja mguu kwanza. Mpini ulipita chini ya goti na mguu ukakunjika mahali pasipo na kiungo. Akabaki amesimama kwa ule mwingine, akamshika Kasinde koo, akampiga kichwa cha pua mpaka pua ikalala. Wakamjia watano, wakamshusha. Wakampiga mgongo, wakampiga viwiko. Mmoja akalenga balbu, ikapasuka, vioo vikaingia kifuani. Mwingine akachoma kwa kipande cha mpini kilichovunjika, na kipande hicho kikaingia katika jicho la kushoto.

Mhina hakupiga kelele. Aligeuza uso wake kwenye kamera, akautuliza pale, akawa anatazama.

Na yule Singano? Mdomo wenye sauti zote ulikuwa umekauka. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya mtambo, amekumbatia kipaza sauti, hata sauti ya mbwa haikutoka.

Halafu chaji ikaisha. Sikilizeni vizuri hapo: chaji ya kamera iliisha yenyewe, na taa nyekundu ikazimika.

Nao wale wanaume wakasimama. Walisimama wote kwa pamoja, mipini juu. Kasinde, pua inavuja, anahema, akamgeukia Mwamvua na kuuliza, "Vipi, dada? Imekwisha? Tumeiweza?"

Hakuwa anatania. Nusu yao walikuwa wanapiga kwa kisasi, na nusu walikuwa wanapiga kwa sababu taa inawaka, na ninaapa kwamba wengine walikuwa hawajui wao wenyewe wako nusu ipi. Mmoja akamshika Mhina mkono amwinue ili waende kula. Alipouona uso wake akauachia ule mkono, akaanza kulia.

Hapo ndipo Mwamvua aliposhusha kamera. Alikimbia, alianguka, alikilaza kichwa cha kaka yake mapajani, akapiga yowe la "Kata! Kata! Kata!" wakati hakuna kitu tena cha kukata.

Mhina alipona, kama huko ni kupona. Jicho halikurudi. Mguu uliunga vibaya, na daktari akamwambia asahau habari za kuruka. Mtu aliyeishi kwa mwili akabaki na gongo. Semboja, taya limefungwa waya, aliandika kwenye karatasi kwamba kila kitu kifutwe. Ni Mhina aliyekataa. Alikuwa bado kitandani.

"Mkiifuta nitakuwa nimepigwa bure," alisema. "Itoeni."

Mwamvua aliikata na kuiunganisha, akilia na kufanya kazi. Ilipokamilika, wakagundua haina sauti. Vyombo vya kunasia sauti vilikanyagwa kwenye vurugu, na picha zilikuwa bubu kabisa. Ukiitazama bila sauti ilikuwa watu wengi wanampiga mtu mmoja, basi. Ilitisha na haikuwa na maana. Bi Mgeni aliitazama dakika chache akageuza uso. "Hii ni mauaji," alisema. "Mkiionesha hivi watu watatoka."

Singano, ambaye tangu siku ile alikuwa hajashika maiki, akasema, "Nipeni mimi."

Ikaoneshwa Jumapili baada ya alasiri. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa chini kwenye njia. Wengi walikuja kucheka. Wakata mkonge walikaa upande mmoja, wapiga debe upande mwingine, wengine bado wana bandeji. Mhina aliketi mbele na gongo lake, Mwamvua pembeni yake. Singano akasimama chini ya pazia, kama anavyosimama kibandani, akaanza kuisema.

Hakuna aliyecheka. Vyuma vilipogongana ukutani, Singano alivigonganisha kwa ulimi. Kichwa cha kwanza kilipopasuka, ukumbi mzima ulivuta pumzi. Wanawake walifunika macho na kutazama kati ya vidole. Wapiga debe walipojiona wakikimbia kwa madirisha, walitazama chini. Na Mhina alipolala sakafuni, jicho limekwenda, akageuza uso akautazama ukumbi wote, Singano hakutumia sauti hata moja kati ya zile zake maarufu. Alisema taratibu tu:

"Nyie mnaonipiga. Kwani kwenu hakuna giza? Watoto wenu wanaonana vipi? Nipigeni basi. Lakini mkimaliza, mmoja wenu aliokote hili jua, alipeleke kwa mama yangu. Nimemwacha jikoni anapapasa kutafuta kibiriti."

Kasinde, lile jitu, alitoa sauti kama ng'ombe na kujifunika uso kwa kofia. Nyuma yake mtu akasimama. Pembeni yake mwingine. Viti vya kukunja vikaanza kujifunga vyenyewe, pa, pa, pa, ukumbi mzima, mpaka hapakuwa na mtu aliyekaa isipokuwa Mhina, ambaye mguu haukumruhusu.

Bi Mgeni alipanda mbele, ufunguo mkononi. Taa zikawashwa.

"Mmesimama," alisema. "Mimi ni mtu wa ahadi. Sasa nani amewasimamisha? Semeni wenyewe nyie watatu, na msinidanganye."

Singano akasema, "Bibi, uliitazama bila mimi, ukageuza uso. Uliitazama nami, ukasimama. Picha ni ileile. Kilichoongezeka ni nini, kama si mdomo huu?"

"Mdomo huo ndio uliotaja penalti!" alipiga kelele mpiga debe mwenye meno machache.

Singano akainamisha kichwa. "Ndio huohuo," alisema. "Siukatai."

Mhina akasema bila kuinuka, "Mimi sina maneno. Maneno na picha ni vya kuhusu kitu, na hicho kitu nilikuwa mimi. Nilitoa jicho na mguu. Hawa wawili wana kazi kesho. Mimi kazi yangu imebaki kule korona."

"Na mipini ni nani aliyeitaka?" aliuliza Kasinde kwa sauti ndogo. "Sisi tulikuja tukijua ni sponji."

"Mimi," alisema Mhina. "Niliitaka mimi."

Ikawa zamu ya Mwamvua. Alikuwa amejiandaa. Maneno yake alikuwa nayo: wengine wote walikimbia au walilala, yeye alisimama na mkono wake haukutetemeka, na bila mkono huo kipigo kile kingekuwa cha bure kama vipigo vyote vya mji huu, na Singano angekuwa na maiki na ukuta mtupu. Yote yalikuwa kweli. Akayasema. Watu wakaitikia kwa vichwa, na wengine wakaanza kupiga makofi, na ufunguo mkononi mwa Bi Mgeni ukaanza kumwelekea.

Hapo Mwamvua akashindwa. Hakuna aliyemuuliza. Angeweza kunyamaza akaupokea.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini, mwanangu?"

"Nilijua si rozela. Nilijua tangu alipopigwa mara ya kwanza, sikio halijaanza hata kuvimba. Neno la kuwasimamisha lilikuwa langu, baada ya Semboja kuanguka. Nilikuwa nalo mdomoni. Sikulisema kwa sababu picha ilikuwa nzuri."

Waliokuwa wanapiga makofi wakashusha mikono.

Mhina aligeuka polepole, kwa sababu upande aliokaa mdogo wake ndio upande wa jicho lisilokuwepo. Ilimbidi azungushe kichwa chote ndipo amwone.

"Mimi nilikuwa naitazama taa," alimwambia. "Walipokuwa wananipiga. Nilisema moyoni, maadamu taa ya Mwamvua inawaka, haya ni maigizo, siwezi kufa. Ndiyo maana sikupiga kelele. Ndiyo maana ule uso ukatoka vile."

Mwamvua alipiga magoti palepale kwenye njia. Mhina hakumwinua wala hakumsukuma. Aliuweka mkono wake kichwani mwake ukakaa, na hakuna aliyeweza kusema ule mkono ulikuwa wa nini.

Bi Mgeni akatazama watu wake waliosimama. Wakaanza. Apewe Mhina, walisema wengine, aliyetoa mwili! Wengine wakasema Mhina kapewa pole, pole si ukumbi, apewe aliyeshika kamera! Mwuaji huyo? Asingeshika, leo mngekuwa mnalilia nini? Apewe Singano! Singano aliyewasha moto? Kasinde akasema mpeni Bibi saruji yake kabla hatujaanza tena, na mpiga debe mmoja akamwambia wewe nyamaza, na Kasinde akamwuliza nani anyamaze, na viti vya mbao vikaanza kuinuliwa tena, safari hii miguu ikiwa juu.

Na bibi wa watu amesimama pale mbele, mpwa wake yupo mlangoni anatazama saa, ufunguo mmoja kaunyoosha kiganjani, na mkono umeanza kumchoka.

Msinitazame mimi, nimeshasema imenishinda. Mmoja alitoa mwili, na ndiye aliyeleta miti iliyouvunja. Mmoja alitoa sauti, na sauti hiyohiyo ilianzisha damu. Mmoja alitoa macho yake, akanunua picha kwa jicho la kaka yake, kisha akasema ukweli ambao hakuna aliyemdai. Ukimwondoa mmoja, ukumbi usingesimama. Wewe uliyekaa hapo mbele, wewe unayejifanya umelala, na wewe mama uliyekuwa unafuta macho sasa hivi: kama kile kiganja kingekuwa chako, ungemshika nani mkono ukampa ule ufunguo? Na ukishampa, wale wawili waliobaki ungewaambia nini wakikutazama?